Simu moja, watoto watatu: nianze na programu ipi?

*Safu ya maswali ya wazazi na walimu. Anajibu mwalimu wa shule ya msingi, Ujiji.*

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nauza dagaa na migebuka hapa Kibirizi, Kigoma. Nina watoto watatu: mkubwa yuko kidato cha pili, wa kati darasa la tatu, wa mwisho ana miaka minne. Baba yao amepata simu nyingine, hii ya zamani akaiacha iwe ya masomo. Jirani akaniwekea programu za elimu mpaka simu ikajaa. Bando la wiki linaisha katikati ya wiki na sioni kilichoongezeka. Wa darasa la tatu bado anasoma kwa kudonoadonoa silabi. Mkubwa kazi za nyumbani anaiuliza akili mnemba, ananakili, basi. Nibakize ipi, nifute ipi? *Mama wa watatu, Kibirizi*

Jibu: Marahaba, mama. Futa zote, halafu tuanze upya na mtoto mmoja mmoja. Jirani alikusaidia kwa moyo mwema, lakini alichagua programu bila kujua nani kakwama wapi.

Nianze na wa darasa la tatu kwa sababu huyo ndiye ananitia wasiwasi. Mwakani darasa la nne kuna upimaji wa kitaifa, na mtoto anayedonoa silabi hawezi kujibu swali ambalo hajamaliza kulisoma. Yeye hahitaji programu ya sayansi wala ya Kiingereza kwa sasa. Anahitaji kusoma Kiswahili kila siku, kwa sauti, na mtu akimsikiliza.

Kuna jaribio la shindano la programu za elimu lilifanyika hapahapa nchini, mkoani Tanga. Watoto karibu 2,700 katika vijiji kama 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikachajiwa kwa sola, na masomo hayakuhitaji intaneti. Mwaka 2019 timu mbili za watengenezaji, Kitkit School na onebillion, zikatangazwa washindi wa pamoja wa shindano hilo, Global Learning XPRIZE. Ukichagua programu ya kusoma, shika hayo mambo: iwe ya Kiswahili, ianze na sauti za herufi na kupanda polepole, ifunguke ukiwa umezima data. Hilo la data lijaribu mwenyewe kabla hujampa mtoto. Zima, fungua, uone.

Kisha kaa naye dakika kumi, na macho yako yawe kwenye kidole chake. Michezo mingi mtoto akikosea inatikisika kidogo tu, anabofya jingine, anabofya jingine, mpaka nyota itoke. Hapo anajifunza kubofya. Kuna mtoto hapa Ujiji alikuwa anazoa nyota zote kwenye mchezo wa kuunganisha neno na picha. Nikamwandikia maneno yaleyale kwenye karatasi, bila picha. Penye "kikombe" akasoma "kijiko", penye "mlango" akasoma "mlima". Alikuwa anatazama picha na herufi za mwanzo, basi. Fanya hivyo na wako: andika maneno matano ya kwenye programu kwenye karatasi, umpe asome. Karatasi itakwambia ukweli ambao nyota hazisemi.

Mimi ningemwekea African Storybook. Ni mkusanyo wa hadithi fupi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na zimepangwa kwa ngazi. Unazipakua mara moja, mnazisoma bila bando. Wewe unaanika dagaa, yeye anasoma kwa sauti karibu yako. Ukisikia sentensi haina maana, mwambie arudie. Na kama hata silabi moja moja zinamshinda, nenda ukazungumze na mwalimu wake wiki hii, usisubiri simu imfundishe.

Wa miaka minne hana haraka. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri huo asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo cha simu au televisheni, na ikipungua ni vizuri zaidi. Kipindi cha katuni cha Akili and Me kinamtosha. Kimetengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa miaka mitatu hadi sita, na kipo kwa Kiswahili. Waliokitengeneza ndio wenye Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa kwenye televisheni mwaka 2014, ambacho kitamfaa yule wa kati. Pakua vipindi vichache penye Wi-Fi. Simu ikishazimwa, mpe migebuka aihesabu kwenye mafungu.

Sasa mkubwa. Wazazi wengi wa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili huniambia mtoto ameshindwa Fizikia. Ukimuuliza mtoto swali lilelile kwa Kiswahili, analijibu. Kilichomshinda ni Kiingereza cha Fizikia, kwa sababu miaka yote ya msingi alisoma kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila anachosoma kwenye simu awe na daftari pembeni la maneno mapya ya somo hilo, aandike na maana yake.

Khan Academy, programu ya masomo ya video na mazoezi, ni ya bure na inaeleza Hisabati vizuri sana, ila imepangwa kwa shule za Marekani, kwa hiyo atafute mada anayosoma, asifuate mpangilio wake. Aanze na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awamu, hivyo amuulize mwalimu kitabu kipi ndicho chao. Shule Direct, tovuti ya masomo, nayo imetengenezwa kwa ajili ya sekondari zetu. Na kuna kitu wazazi wengi hawakijui: tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ina taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zinazoonyesha wanafunzi walikosea wapi na kwa nini. Kwa mtoto anayejiandaa na upimaji wa kidato cha pili, hiyo ni dhahabu.

Kuhusu akili mnemba, usimkataze kabisa, atakwenda kuitumia kwa rafiki. Weka utaratibu: ajibu kwanza kwa kalamu, ndipo aiulize imweleze pale alipokwama, kisha akueleze wewe kwa Kiswahili bila kuangalia simu. Huna haja ya kuijua Kemia. Anayenakili utamjua tu, maelezo yatamwishia njiani. ChatGPT, moja ya programu hizo za akili mnemba, yenyewe inataka aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi, kwa hiyo una haki ya kufungua na kuona anachouliza.

Mwisho, weka nywila ya manunuzi Play Store, na usikubali programu ya hadithi inayotaka kusoma namba zako za simu. Usiku simu ilale chumbani kwako.

Swali: Nafundisha shule ya msingi wilaya ya Kasulu. Tuna kompyuta moja na vishikwambi vichache, intaneti hakuna. Tutumie programu gani? *Mwalimu mwenzako*

Jibu: Mwenzangu, tafuta Kolibri. Ni programu ya bure ya masomo yasiyohitaji intaneti, na imetengenezwa kwa shule kama yako. Ukienda mjini penye intaneti, pakua programu na masomo unayoyataka, yabebe kwenye flashi, yaweke kwenye hiyo kompyuta. Vishikwambi vitaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya hapohapo darasani. Ndani yake utapata hadithi za African Storybook na masomo ya Khan Academy. Chagua machache, diski inajaa upesi.

Swali: Kuna kijana hapa Mwanga, Kigoma, anauza kishikwambi "chenye masomo yote, chekechea hadi kidato cha sita". Nichukue? *Baba wa Gungu*

Jibu: Usitoe hela bado, kaka. Nenda na mwanao na daftari lake la wiki hii. Mwambie muuzaji azime data, kisha afungue mada iliyo kwenye daftari. Ikifunguka, mwanao aisome pale pale kwa dakika chache ukimwangalia. Ikigoma, rudini nyumbani na hela yenu.