Saraka kwanza, barua pepe baadaye

Ndugu, seva zikianguka pamoja, rudisha Active Directory kwanza (saraka ya Microsoft inayotunza akaunti za watumiaji na kompyuta za ofisi), ndipo ushughulikie Exchange, yaani seva ya barua pepe ya Microsoft, kwa sababu Exchange huweka karibu mipangilio yake yote ndani ya saraka na si kwenye diski zake yenyewe. Kwa hiyo seva ya barua iliyokufa haihitaji kurudishwa nzima nzima: unasimika toleo lile lile la Windows kwenye mashine mpya, unaipa jina lile lile la zamani, na akaunti yake ya kompyuta katika saraka unaiweka upya bila kuifuta. Ukishaiunganisha na domeni (kundi la kompyuta linalosimamiwa na saraka hiyo), unaendesha Setup.exe /Mode:RecoverServer ya Exchange, nayo itasoma mipangilio kutoka kwenye saraka. Hifadhidata za barua hazimo humo. Hizo hutoka kwenye bekapu, na herufi za diski ziwe zile zile za awali.

Ikiwa bado ipo seva nyingine ya domeni (inayobeba nakala ya saraka) iliyo hai, bekapu ya saraka iache. Jenga seva mpya inayonakili saraka kutoka kwa ile iliyo hai. Ikiwa hakuna, tazama umri wa bekapu: iliyopita siku 180, ambao ndio ukomo wa kawaida, haifai, na katika domeni zilizoanzishwa zamani ukomo huo huwa siku 60.

Ofisi nyingi ninazozihudumia hapa Kampala zina seva moja inayobeba kazi zote mbili, jambo ambalo Microsoft wenyewe hawalipendekezi, na umeme ukikatika vibaya vyote huanguka pamoja.