Usilipie hicho kipimo cha damu, uliza kwanza bloku iko wapi

Mkuu, usitume hiyo hela. Uzi wako nimeusoma mara mbili: mama ana miaka 68, katolewa uvimbe wa kichwani Dar, jibu limesema glioblastoma, saratani kali ya ubongo, mmerudi Mbeya kupumzika, na sasa kuna mtu anataka milioni 1.6 ya "kipimo cha damu cha epijenetiki" (eti kinasoma alama zinazowasha na kuzima jeni) kitakachowaambia amebakiza muda gani. Umeuliza pia bima, chakula, na pa kufikia wakati wa mionzi. Hayo yasubiri. Hela kwanza. Usitume.

Mimi nilituma. Mdogo wangu, ugonjwa huohuo, miaka 34. Jamaa alinikalia mbele kwenye mgahawa pale Mwanjelwa, koti jeupe, supu nalipa mimi, kishikwambi mezani. Neno "methili", yaani kialama cha kemikali kinachobandikwa kwenye jeni, alilitaja mara nyingi kuliko muumini anavyosema amina. Nilikuwa na magunia 40 ya viazi nikisubiri bei ipande. Niliyatupa kwa 45,000 gunia, milioni 1.8 yote ikaingia kwa yule bwana. Damu ikasafiri nje, sisi tukakaa kusubiri. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Simu anapokea kwa upole kabisa, "lipo njiani kaka". Na akatusisitiza tusianze mionzi mpaka jibu lirudi ili "tusipoteze mwelekeo". Hapo ndipo alipotuua, maana hela inatafutwa tena, muda hapana.

Jibu likaja, kurasa 14 za rangi. Seli za mdogo wangu eti zina miaka 51. Nililipeleka likatiwa laminesheni kama hati ya kiwanja, cheka tu. Tukapanda basi usiku kwenda Dar, Kitonga mgonjwa anatapika, asubuhi ya pili tuko mbele ya daktari. Akafunua ukurasa mmoja, akafunika. "Bloku iko wapi?" Nikamjibu, daktari, sisi hatujengi.

Bloku ni nta, mkuu. Kinyama kikitolewa kinalowekwa kwenye fomalini, kisha kinagandishwa ndani ya nta. Nilionyeshwa ya mdogo wangu: inaenea kiganjani, katikati kipande cha kijivu kama punje ya harage, ubavuni namba ya penseli. Muda wote ilikuwa kabatini maabara, kilomita 800 na kitu kutoka kwenye ile supu yangu. Kipimo chenye maana kwa ugonjwa huu kinafanywa kwenye hicho kipande. Alama za methili kwenye damu ni za seli za damu. Kila tishu ina zake. Yule bwana alipima damu akanisomea ubongo.

Daktari alinieleza hivi, nami nakupa kwa lugha ya kijiweni. Vidonge vya temozolomidi vinatoboa tairi la seli ya saratani. Jeni ya MGMT ndiyo fundi pancha, inaziba. Methili ikifunga kibanda cha fundi, pancha inabaki pancha na dawa inang'ata. Kwenye utafiti wa mwanasayansi Monika Hegi na wenzake wa 2005, waliopata mionzi pamoja na vidonge hivyo, nusu ya wenye methili waliishi kuvuka miezi 21.7, wasio nayo, 12.7. Na kwa umri wa mama ni zaidi ya kujua tu: utafiti wa Ujerumani uliotoka 2012 ulikuta wazee wenye methili walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga wakipewa vidonge, na wasio nayo wakipewa mionzi. Yaani jibu linaweza kugeuza tiba.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, muulize daktari anayemtibu mama, siyo mwenye kishikwambi: "Jibu hili likija, utabadilisha nini?" Akikutajia dawa au mionzi, lipa, hata ukiuza ng'ombe. Akisema litakujulisha tu, rudi nyumbani. Mimi ningemuuliza yule jamaa hivyo, angemaliza supu kimyakimya.

Bloku ya mdogo wangu ilipimwa wiki ya tisa baada ya upasuaji. Ilikuwa na methili. Alianza mionzi na vidonge, akaishi miezi kumi na moja. Nilimuuliza daktari kama zile wiki ndizo zilizotumaliza, akasema hawezi kusema hivyo. Mimi sijaacha kuzihesabu.

Chakula, bima na pa kufikia wadau wengine watakujibu, nimeshachoka. Wewe tafuta ile karatasi ya majibu ya kinyama cha mama, juu kuna namba ya maabara. Kesho saa mbili asubuhi wapigie, waambie unaulizia bloku, na usimwambie yule jamaa kwamba umepiga.