Santuri ya ami na toleo jipya: ipi ina sauti bora?

SWALI: Fundi, assalaam alaikum. Marehemu ami yangu, aliyefanya kazi bandarini Kilindini, ameniachia santuri za rokenroli, mojawapo ikiwa LP (santuri kubwa ya nyimbo nyingi) ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956, yenye jalada lililoandikwa stirio, yaani sauti mbili tofauti kwa spika mbili. Majuzi nimenunua toleo jipya la LP hiyohiyo, la mono, yaani sauti moja kwa spika zote, lenye uzito wa gramu 180. Ya ami inakwaruza na mwimbaji anasikika kama yumo kisimani. Mpya ni safi lakini ina ukali unaochosha masikio. Rafiki zangu wanashikilia kuwa ya zamani ndiyo yenye sauti halisi, na kwamba kuna muuzaji anayeweza kuirudishia uhai kwa kuipaka mafuta. Nishike ipi? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Wa alaikum salaam, na Mungu amrehemu ami yako.

Neno lililonisimamisha katika barua yako ni hilo la stirio. LP ile ilirekodiwa kwa mono, ikatoka Machi 1956, na LP za stirio hazikuingia madukani hadi 1958. Basi nakala iliyoandikwa stirio haiwezi kuwa ya 1956. Uliyorithi ni marudio ya kuanzia miaka ya 1960, wakati RCA Victor, kampuni iliyoitoa LP hiyo, kama makampuni mengine ya enzi hizo, ilipozigeuza kanda za mono kuwa stirio ya kubuni. Kazi hiyo ilifanywa kwa kuelekeza besi zaidi kwenye spika moja na sauti nyembamba kwenye spika ya pili, na mara nyingi mwangwi uliongezwa juu yake. Kisima unachokisikia kilichimbwa studio. Chunguza jalada kwa makini na utaona maandishi madogo ya Kiingereza yanayokiri jambo hilo. Kwa hiyo unalinganisha marudio na marudio, na rafiki zako wanausifu mwangwi wa mitambo wakidhani ndiyo sauti ya 1956.

Jambo hili hunijia mezani kila mara na, niseme kweli, limenichosha. Mtu huja ameipakata santuri kama mtoto mchanga, keshaaminishwa kwamba plastiki ikizeeka hupata utamu, kana kwamba ni achari. Sauti ya santuri hutokana na kanda ya kurekodia iliyotumika, mkono wa fundi aliyeichonga mifereji, hali ya chapa ya chuma iliyoibana, na jinsi mifereji yake ilivyotunzwa tangu siku hiyo. Toleo la kwanza mara nyingi hushinda kwa sababu lilichongwa kanda ikiwa bado mbichi, kabla haijachakaa na kabla haijanakiliwa mara kadhaa. Hata hivyo, santuri iliyopigwa chapa nje ya Marekani katika mwaka uleule huenda ilichongwa kutoka nakala ya nakala, na nyingi za baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973 zilitengenezwa kwa plastiki nyembamba, wakati mwingine iliyoyeyushwa kutoka santuri kuukuu. Zote hizo leo zinaitwa za zamani.

Matoleo mapya nayo yana mtego wake. Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikwisha kutoka katika ulinzi wa hakimiliki, kwa kuwa muda wa ulinzi ulikuwa miaka 50 na nyongeza ya miaka 20 iliyokuja baadaye haikuzigusa. Kwa sababu hiyo kampuni yoyote huko inaweza kuchukua sidii ya rokenroli ya miaka ya 1950, tena iliyokwisha kunyanyuliwa sauti hadi ikakosa pumzi, ikaichonga kwenye santuri na kuiuza bila kuiona kanda yenyewe. Ukali unaokuchosha unanitia shaka kwamba ulichonunua ni cha aina hiyo. Uzito wa gramu 180 haukuhakikishii lolote, kwani sindano husoma kuta za mfereji na haijui unene uliopo chini yake. Tafuta kwenye jalada jina la fundi aliyechonga na maelezo ya kanda iliyotumika. Muuzaji mwenye kanda halisi hulitangaza jambo hilo kwa herufi kubwa.

Kabla hujaamua, zilinganishe kwa haki. Sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, maana sikio huipendelea ile inayopiga juu zaidi hata kama ni mbovu. Kisha bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya: mwimbo wa mono umo katika mtikisiko wa sindano wa kushoto na kulia tu, hivyo sehemu kubwa ya mikwaruzo, inayotokana na mtikisiko wa juu na chini, hufutika, na hata ile stirio ya kubuni hupungua ukisima. Sikiliza wimbo wa mwisho wa kila upande. Pembeni mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya sentimita 50 hivi kwa sekunde, lakini karibu na lebo kasi hushuka hadi 20 na kitu, na huko ndiko sindano mbovu au shilingi iliyobandikwa juu ya kichwa chake ili isiruke huacha alama. Mwimbaji akikoroma hapo katika herufi S, mfereji umekwisha kulika na hakuna fundi wa kuurudisha.

Sasa hayo mafuta. Huyo anayekuahidi uhai hafanyi ila kuing'arisha santuri ili ivutie mezani. Niliwahi kuiweka moja chini ya hadubini baada ya kupakwa mafuta ya nazi: mfereji, ambao ni mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umejaa utando wa rangi ya chai wenye chembe za mchanga, na kila sindano iliyopita ilikuwa ikizisaga chembe zile ukutani. Katika unyevu wetu wa pwani, uchafu huo huota kuvu kabla ya mwezi kwisha. Osha kwa maji yaliyotoneshwa, yenye tone la sabuni laini isiyo na manukato, ukifuata mzunguko wa mifereji kwa brashi laini, suuza kwa maji yaleyale, kisha ikaushe kivulini ikiwa imesimama, kwani jua la saa saba huipinda.

Na ikiwa miongoni mwa urithi huo zimo sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika kama kigae, usikubali mtu azisogelee na spiriti. Zile zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu uitwao sheleki, na spiriti huuyeyusha. Mteja mmoja aliniletea yake ikiwa imefungwa kwenye gazeti, na nilipolifungua, vichwa vya habari vilikuwa vimejichapa juu ya mifereji.