Barua kwa mwanangu: Daftari halina shemeji

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Barua yako tumeipata, na hela ya dawa ya baba yako nayo imefika. Mguu unaendelea vizuri, ila kwenda shambani bado nimemkatalia.

Umeniuliza swali moja nami nimekaa nalo siku nne. Habari ya mwanafunzi ikiletwa mezani imejaa makosa, mhariri airekebishe mwenyewe ipate kutoka, au amrudishie mwandishi aiandike upya, hata gazeti la chuo likichelewa? Unasema ulikata aya tatu kwenye habari ya maji ya bweni, na binti aliyeiandika hajakusemesha tangu siku hiyo.

Mimi ningeanza na daftari lake. Uliliomba? Kabla ya kalamu nyekundu, kaa naye benchi moja umwambie: nioneshe ukurasa ulipoandika hili. Nani alikwambia, mlikuwa mmesimama wapi, alitumia maneno gani? Aya isiyo na ukurasa aikate yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Yenye ukurasa muitetee, hata kama imeandikwa vibaya, maana sentensi mbovu hunyooshwa jioni moja. Daftari halina shemeji. Mlikuwa mnacheka na dada zako kila nilipolisema hilo, na sikuwahi kuwaeleza lilikotoka kwa sababu shangazi yenu alikuwa anakuja hapa kila Jumapili.

Ilikuwa 1995. Mwaka uliotangulia baridi kali ilikuwa imeunguza kahawa ya Brazil, Juni na tena Julai, bei ya dunia ikapanda, na wakulima wetu wakaisikia redioni. Msimu wa 1994/95 ndio kampuni binafsi ziliruhusiwa kununua kahawa vijijini, kwa hiyo mtu sasa alikuwa na cha kulinganisha: jirani kauza kwa mnunuzi binafsi kalipwa taslimu, yeye kapeleka chama cha msingi cha ushirika na bado anasubiri malipo ya pili. Kwenye chama kimoja huko juu malipo hayo hayakuja kabisa. Nikaanza kuiandikia gazeti habari hiyo. Wiki mbili nilikaa na stakabadhi za wakulima, nazijumlisha kwenye meza ile ile unayoijua, nazilinganisha na kitabu cha mapokezi. Hesabu ikaniambia kwamba fedha ilipotea wakati wa mweka hazina aliyeondoka, wala si wakati wa yule aliyekuwepo. Na aliyeondoka unamjua. Mume wa shangazi yako.

Jina nikaliacha. Nikajiambia kesi haijafika mahakamani, ni haki kutomtaja mtu. Ni hoja nzuri, hata leo ningeifundisha. Lakini kwenye habari ile ile nilimtaja karani wa mizani na nikamtaja mwenyekiti, nao hawakuwa wamefika mahakamani.

Nikaandika "aliyekuwa mweka hazina". Nikashuka ofisi ya simu, karibu na mnara wa saa, nikaisoma habari kwa simu na mtu wa Dar es Salaam akawa anaandika. Foleni nyuma yangu ndefu, dakika zinahesabiwa. Sikumwambia anisomee alichoandika. Gazeti lilipofika Moshi, yalikuwa yamebaki maneno mawili: mweka hazina.

Jumamosi yule mweka hazina mpya akaja nyumbani. Alikuwa na miezi minne tu kwenye kazi. Gazeti lilikuwa kwenye mfuko wa shati, amelikunja mpaka likawa dogo kama kipande cha sabuni. Nikamkaribisha, hakuketi. Akalikunjua, akanikabidhi, akasema, "Mama, naomba unisomee." Kusoma anajua; ni mzee wa kanisa, ndiye aliyetusomea matangazo kila Jumapili. Nikasoma kwa sauti, nimesimama pale mlangoni, na nilipofika penyewe nikasema "aliyekuwa mweka hazina" bila kujitambua. Akaniambia, "Hilo neno halipo. Rudia." Nikarudia.

Masahihisho yalitoka baada ya siku kumi na moja, mistari minne, chini ya tangazo la mnada wa magari. Mke wake alikuwa ameshanyimwa sukari ya mkopo dukani.

Miaka mingi nilimlaumu mhariri. Neno moja tu, lingemlia nafasi gani? Halafu najijibu kwamba huenda hakulikata yeye. Huenda aliyepokea simu hakulisikia, au mimi nililimeza kwa haraka. Na hata kama alilikata, kama ningeandika jina angekata maneno kumi na yule mzee asingeguswa. Nikishafika hapo nageuka tena. Mhariri makini angeinua simu aniulize: mweka hazina yupi? Swali hilo wafundishe wanafunzi wako kabla ya jingine lolote. Yupi? Huku kwetu ukiandika "Bwana Massawe" umetaja nusu ya kijiji. Jina kamili, cheo, tangu lini, na kama bado anacho. Na ukishamkatia mtu habari yake, msomee ilivyobaki kabla haijatoka. Hilo nalidai kwa nguvu, maana ningesomewa mimi siku ile, ningelisikia pengo.

Huyo binti unasema alimfuata msemaji wa chuo mara tatu na hakujibiwa. Basi aandike barua. Chuo chenu ni cha umma, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Wana siku 30 za kumjibu. Abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe, akaigundishe kwenye daftari. Wakati anasubiri, asome ripoti za CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zinaingia bungeni kila Aprili na ziko wazi kwa kila mtu. Wanafunzi wanaziona nene wanaziogopa. Waanze na kurasa zinazohusu sehemu wanayoishi, watakuja kukuuliza maswali wenyewe.

Kama ulikosea kuzikata zile aya tatu, sisemi. Sijaona daftari lake. Ila baba, ungekuwa umeliona wewe, ungeniandikia kilichokuwemo, na barua yako nimeisoma mara mbili sijakikuta.

Nakutumia daftari langu la 1995 kwa basi la Jumanne asubuhi, kalipokee stendi. Ukurasa niliokunja kona ndio wenye neno "aliyekuwa", nimelipigia mstari mara mbili. Waoneshe. Jina la shemeji liko ukurasa unaofuata. Nilikuwa nimelibandikia kipande cha karatasi juu yake tangu mwaka ule, na leo baada ya ibada nimekibandua. Gundi imeondoka na herufi mbili, lakini linasomeka.

Mama yako