Paulo kuwa "hali zote kwa watu wote": je, ni unafiki?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Katika 1 Wakorintho 9:19-22 Paulo anasema kwa Wayahudi alikuwa kama Myahudi, kwa wasio na sheria kama asiye na sheria, kisha anamalizia: "Nimekuwa hali zote kwa watu wote." Je, huo si unafiki? Kijana mmoja wa kikundi chetu cha uinjilisti hulewa na marafiki zake, na tukimuuliza anasema anawavuta kwa Kristo kwa njia ya Paulo. Tumjibu nini?

JIBU: Amina, ndugu yangu. Kijana wenu ameushika mstari mmoja na kuuacha ule unaomjibu. Katika mstari wa 21, mara tu baada ya kusema alikuwa kama asiye na sheria, Paulo anaongeza: "si kwamba sina sheria mbele za Mungu, bali mwenye sheria mbele za Kristo." Ulevi ameukataza yeye mwenyewe katika waraka huohuo, 5:11 na 6:10. Kwa upande wa ulevi, hoja imekwisha.

Ila swali lako la unafiki lina uzito wake, na jibu lake linaanzia sura ya 8. Wakristo wa Korintho walikuwa wanabishana kuhusu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Wenye ujuzi walisema sanamu si kitu, basi wanakula. Paulo anakubaliana nao kwamba sanamu si kitu, lakini anasema chakula kikimkosesha ndugu yake, hatakula nyama kamwe. Sura ya 9 inafuata kama mfano wa maisha yake mwenyewe: alikuwa na haki ya kutunzwa na kanisa, akaithibitisha kwa Torati na kwa agizo la Bwana, halafu akasema hakuitumia. Pale Korintho alifanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3). Ndipo anafika mstari wa 19: yu huru, lakini amejifanya mtumwa wa wote. Kwa hiyo "hali zote" ni maneno ya mtu anayeziachia haki zake. Tazama pia kwamba anasema "kwa wanyonge nalikuwa mnyonge", wala hasemi kwa wenye nguvu alikuwa mwenye nguvu, ingawa hao ndio waliojaa kiburi katika kanisa lile.

Mnafiki hubadilika ili asiumie. Paulo alibadilika na kuumia, na ushahidi ulio wazi kuliko wote kwangu ni 2 Wakorintho 11:24, ambapo anasema Wayahudi walimpiga mara tano mapigo arobaini kasoro moja. Hiyo ilikuwa adhabu ya sinagogi. Torati, Kumbukumbu 25:3, inaweka ukomo wa mapigo arobaini, na moja lilipunguzwa ili mpigaji asije akavuka ukomo kwa kukosea hesabu. Paulo alikuwa raia wa Rumi. Angeweza kuachana na sinagogi akabaki na makanisa ya mataifa, wala asiguswe na adhabu ile. Alirudi, akapigwa, akarudi tena. Kuwa kama Myahudi kwa Wayahudi kulimgharimu mgongo wake.

Sasa linganisha Timotheo na Tito. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile (Matendo 16:3). Tito, Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa, na Paulo hakukubali hata kwa saa moja (Wagalatia 2:3-5). Wasomaji wengi huona hapo kigeugeu, mimi naona msimamo mmoja. Kwa Timotheo hakuna aliyekuwa akidai tohara ili aokolewe. Ilimfungulia tu mlango wa kusikilizwa. Kwa Tito, ndugu wa uongo walitaka kuifanya sharti, na hapo kukubali kungekuwa kuibadili Injili yenyewe. Na Petro alipojitenga na watu wa mataifa mezani kule Antiokia kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, Paulo alimkemea mbele ya wote, na jina alilolipa jambo hilo ni unafiki (Wagalatia 2:11-14).

Kuhusu kijana wenu, msimkataze kuketi na marafiki zake. 1 Wakorintho 10:27 inamruhusu Mkristo kuitikia mwaliko wa asiyeamini na kula anachoandaliwa bila kuulizauliza. Muulizeni tu: katika urafiki huo, ni haki gani yako umeiacha kwa ajili yao? Kisha someni naye 10:23-33 polepole, mpaka pale Paulo anaposema hatafuti faida yake mwenyewe bali ya walio wengi, wapate kuokolewa, na mumwache ajibu mwenyewe.