"Adequate" ni sifa au lawama?

Swali: Mwalimu, mimi ni karani katika shamba la maua Naivasha. Kwenye fomu yangu ya tathmini meneja ameandika "adequate". Kamusi inasema "-a kutosha", nikafurahi, lakini wenzangu wananicheka. Nimekosea wapi?

Jibu: Kamusi haikukudanganya, dada. Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili kujaribu viatu vya mitumba, muuzaji atakuuliza, "Vimekutosha?" Ukiitikia, umesema tu kwamba mguu umeingia na kidole hakibanwi. Kama viatu vyenyewe ni vizuri, hilo hujalisema. "Adequate" ndiyo kutosha kwa namna hiyo. Asili yake ni Kilatini, adaequare, yaani kusawazisha kitu na kingine, na shina lake ndilo lililozaa "equal".

Basi meneja amesema umefikia kipimo. Hajakusifu. Mpikie Mwingereza, akisema chakula kilikuwa "adequate" utajuta kuwasha jiko! Hata hivyo hajakulaumu. Angetaka kukulaumu angeandika "inadequate".

Kwenye sheria neno hilo hilo lina uzito mwingine. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inalitumia kwa makazi, chakula na maji. Kwa maji linahusu kiasi, kwa hiyo "maji ya kutosha" hayana shida. Kwa makazi ndipo nilipoumbuka. Nikifasiri kwenye baraza moja mtaani Manyatta nilisema kila mtu ana haki ya "nyumba za kutosha". Mzee mmoja akainua mkono: "Kila mtu apewe ngapi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikabaki nashika maikrofoni. Kumbe huko si idadi. Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyofafanua haki hiyo mwaka 1991 ilitaja kodi inayolipika, maji na choo, kinga dhidi ya kufurushwa, hata mahali nyumba ilipo. Tangu siku hiyo nasema "makazi yanayofaa".

Usiandike "adequate enough", ni kutosha juu ya kutosha. Na mwisho wake hautamkwi "kweit" kama wengi wetu tunavyofanya. Ni "kwit", fupi, mkazo ukiwa mwanzoni mwa neno.

Sasa rudi kwenye fomu yako usome madaraja yote yaliyochapishwa. Likiwa la pili kati ya matatu, tulia. Likiwa la nne kati ya matano, mwombe meneja mkae muongee.