Maswali ya Wasomaji: Mwezi unaochelewa kuzama kwenye Skyfield

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu Skyfield, maktaba ya Python iliyoandikwa na Brandon Rhodes kwa ajili ya kukokotoa mahali pa jua, mwezi, sayari na nyota.

SWALI: Salamu kwenu. Nimehama kutoka PyEphem, maktaba nyingine ya Python ya hesabu za anga, kwenda Skyfield ili niandae jedwali la kuzama kwa mwezi hapa Lamu. Nachukua `radec()` (majiranukta ya mwezi angani) kutoka `earth`, nageuza kwa fomula yangu kuwa kimo (pembe kutoka upeo wa macho), kisha natafuta saa ambayo kimo kinafika nyuzi -0.833. Mwezi wangu unazama kama dakika mbili na nusu baada ya saa ya almanaka. Tatizo liko wapi?

JIBU: Yako makosa mawili, na moja linalificha jingine.

La kwanza: `earth.at(t).observe(moon)` inatoa mwezi kama unavyoonekana kutoka kitovu cha dunia. Mwezi uko karibu nasi mno. Ukiwa kwenye upeo, mtu aliyesimama ufukweni anauona chini zaidi kwa wastani wa dakika 57 za nyuzi, yaani karibu nyuzi nzima. Lamu iko jirani na ikweta, mwezi unashuka karibu wima, kwa hiyo nyuzi hiyo ni takriban dakika nne za saa.

La pili: `radec()` yenye mabano matupu inatoa majiranukta ya mwaka 2000. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na majiranukta husogea sekunde 50 za nyuzi kila mwaka. Kwa robo karne hizo ni zaidi ya dakika 20 za nyuzi, na saa ya kuzama inawahi kwa dakika moja na ushei. Toa hiyo kwenye nne, unabaki na mbili na nusu zako. Ndiyo maana ukiandika `radec('date')` bila kugusa kingine, kosa litaongezeka badala ya kupungua.

Achana na fomula, uiambie maktaba umesimama wapi:

`mahali = earth + wgs84.latlon(-2.27, 40.90)`
`kimo, azimuthi, umbali = mahali.at(t).observe(moon).apparent().altaz()`

Kusini ni hasi, mashariki ni chanya. Kikomo chako cha -0.833 kibaki, kwa sababu ni dakika 34 za kupinda kwa mwanga hewani na 16 za nusu kipenyo cha mwezi. Ila usiweke joto na kanieneo ndani ya `altaz()`, maana kupinda huko kutahesabiwa mara mbili.

SWALI: Kutafuta machweo ya mwaka mzima kwa `find_discrete` kunachukua muda mrefu. Ninunue kompyuta mpya?

JIBU: Hapana, sasisha maktaba kwanza. Tangu toleo la 1.47 kuna `almanac.find_risings()` na `almanac.find_settings()`, zenye kasi kubwa zaidi. Zipe `earth + mji`, si mji peke yake kama ilivyokuwa kwa `sunrise_sunset()`. Kwa jua na mwezi, kupinda kwa mwanga na nusu kipenyo vimo tayari, kwa hiyo usipunguze tena. Saa zinatoka kwa UTC. Ongeza 3 upate saa za Afrika Mashariki, na uangalie tarehe inapovuka usiku wa manane.

SWALI: Programu yangu inakwama kwa `EphemerisRangeError` nikifika mwaka 2060.

JIBU: Unatumia `de421.bsp`, faili ya data ya mahali pa jua, mwezi na sayari, ambayo inaishia 2053. Pakua `de440s.bsp` ya JPL, maabara ya NASA: ina megabaiti 32 hivi na inafika 2150. Ihifadhi kwenye folda moja na uifungue kwa `Loader` ya Skyfield, inayoelekezwa kwenye folda hiyo, la sivyo kila folda utakamoendeshea programu itaipakua upya. Ifungue mara moja tu mwanzoni mwa programu, kamwe si ndani ya kitanzi.